Bjørn Ibsen: Daktari wa usingizi aliyefungua njia ya mashine za kupumulia

Kwa watu wengi, kusikia kwamba mgonjwa wao amewekwa kwenye mashine ya kupumulia ni sawa na kusikia kwamba maisha yake yamefika ukingoni. Hofu hiyo ilizidi wakati wa janga la UVIKO-19, pale ilipovuma kwamba anayeunganishwa na mashine hiyo harudi nyumbani. Historia ya tiba hiyo, hata hivyo, inaeleza jambo tofauti. Matumizi yake kwa wagonjwa wengi nje ya chumba cha upasuaji yalishika mizizi katika mji wa Copenhagen, Denmark, mwaka 1952. Mtu aliyebadili mkondo wa mambo hakuwa mvumbuzi wa mashine yoyote. Alikuwa daktari wa usingizi aliyeitwa Bjørn Aage Ibsen.

Ibsen alifariki dunia mwezi Agosti 2007 akiwa na umri wa miaka 91. Madaktari wa wagonjwa mahututi duniani humtambua kuwa baba wa taaluma yao. Maisha yake yanasaidia kulijibu swali ambalo kila familia hujiuliza mlangoni mwa chumba cha wagonjwa mahututi: mashine hii inafanya nini hasa, na haiwezi kufanya nini?

Taaluma isiyopewa heshima

Ibsen alizaliwa Copenhagen tarehe 30 Agosti 1915. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha mji huo na kuhitimu mwaka 1940, mwaka uleule ambao Denmark ilivamiwa na majeshi ya Ujerumani.

Enzi hizo taaluma ya dawa za usingizi haikuwa na hadhi kubwa katika nchi nyingi za Ulaya. Kazi ya kumlaza mgonjwa kabla ya upasuaji iliachiwa wauguzi au madaktari wachanga, na aliyekuwa na kauli ya mwisho chumbani alikuwa daktari mpasuaji. Daktari wa usingizi hakutarajiwa kutoa ushauri wodini, sembuse kumpinga bingwa wa magonjwa.

Mwaka 1949 Ibsen alisafiri na familia yake hadi Boston, Marekani, kujifunza taaluma hiyo katika Hospitali Kuu ya Massachusetts. Hapo ndipo matumizi ya dawa ya etha katika upasuaji yalipoonyeshwa hadharani mwaka 1846, na kwa karne nzima hospitali hiyo ilikuwa na sifa ya kuongoza katika fani hiyo. Mwalimu wake alikuwa Henry Beecher, mmoja wa mabingwa wakubwa wa usingizi wa zama zake.

Boston ilimpa Ibsen ujuzi ambao ungekuja kuokoa mamia ya watu. Madaktari wa usingizi walikuwa wameanza kutumia dawa zinazolegeza misuli yote ya mwili ili mpasuaji afanye kazi kwa urahisi. Misuli ikilegea yote, hata ile ya kupumulia husimama. Kwa hiyo daktari wa usingizi alilazimika kumpumulia mgonjwa kwa kuminya mfuko wa mpira uliojaa hewa na oksijeni, pumzi moja baada ya nyingine, hadi upasuaji ulipokwisha. Kwao, mtu asiyeweza kupumua mwenyewe hakuwa mtu anayekufa. Alikuwa mgonjwa wa kawaida wa kila siku, alimradi pawe na mkono wa kuminya mfuko na jicho la kumwangalia.

Ibsen alirejea Copenhagen mwaka 1950 na kuendelea na kazi yake vyumbani mwa upasuaji.

Kiangazi cha mwaka 1952

Mwezi Julai 1952, ugonjwa wa polio ulilipuka Copenhagen kwa ukali ambao Ulaya haikuwa imepata kuuona. Wagonjwa walipelekwa Blegdam, hospitali ya magonjwa ya kuambukiza ya mji huo, iliyoongozwa na Profesa Henry Cai Alexander Lassen. Kilele cha janga kilipofika, hospitali ilipokea takriban wagonjwa 50 kwa siku. Wengi wao walikuwa watoto.

Virusi vya polio huenezwa zaidi kwa maji, chakula na mikono iliyochafuliwa na kinyesi. Katika watu wengi walioambukizwa havileti madhara makubwa. Katika wachache huvamia neva zinazoendesha misuli, na mguu au mkono hupooza. Hatari kubwa huja pale virusi vinapofika kwenye neva za misuli ya kifua na kiwambo, ule msuli mpana uliotenganisha kifua na tumbo, au vinapofika kwenye shina la ubongo linalotawala kumeza na kupumua. Mgonjwa wa aina hiyo hushindwa kuvuta pumzi, na wakati huohuo mate na makohozi humshukia mapafuni kwa kuwa hawezi kumeza wala kukohoa.

Msaada pekee uliojulikana wakati huo ulikuwa pafu la chuma. Chombo hicho kilibuniwa Boston mwaka 1928 na Philip Drinker na Louis Agassiz Shaw wa Chuo Kikuu cha Harvard. Lilikuwa pipa kubwa la chuma ambamo mgonjwa alilazwa mwili mzima, kichwa kikiwa nje. Pampu iliponyonya hewa kutoka ndani ya pipa, kifua kilitanuka na hewa ikaingia kupitia puani na mdomoni. Hewa iliporudishwa ndani ya pipa, kifua kilibonyea na pumzi ikatoka. Pafu la chuma liliokoa maisha ya wengi waliopooza kifua tu. Kwa wale waliopooza na koo halikufaa sana, kwani kila lilipovuta hewa lilivuta na mate kuelekea mapafuni.

Hata hivyo, Blegdam ilikuwa na pafu la chuma moja tu, pamoja na vifaa sita vidogo vya kufunika kifua, vyenye nguvu hafifu. Katika wiki tatu za mwanzo, wagonjwa 31 waliopooza viungo vya kupumulia walitibiwa kwa vifaa hivyo. Kati yao 27 walifariki, wengi ndani ya siku tatu. Kwa hesabu hiyo, karibu wagonjwa tisa katika kila kumi waliofikia hali hiyo walipoteza maisha, na janga lilikuwa bado changa.

Mgeni katika mkutano wa mabingwa

Katika hospitali hiyo kulikuwa na daktari aliyeitwa Mogens Bjørneboe. Miezi michache kabla, Bjørneboe alikuwa amemwona Ibsen akimhudumia mtoto mchanga mwenye pepopunda kwa kumpa dawa ya kulegeza misuli na kumpumulia kwa mkono. Bjørneboe alimshauri Profesa Lassen amwite daktari huyo wa usingizi. Haukuwa ushauri mwepesi kwa profesa wa enzi hizo kuupokea, lakini vifo vilikuwa vikiongezeka kila usiku.

Mkutano ulifanyika tarehe 25 Agosti 1952. Ibsen alisoma majalada ya wagonjwa na kuangalia matokeo ya uchunguzi wa maiti nne. Mapafu ya marehemu hao hayakuwa yameharibika kiasi cha kueleza vifo vyao. Kisha akatazama vipimo vya damu. Maabara ilikuwa imeonyesha kiwango kikubwa cha bikaboneti, na madaktari wa hospitali walikuwa wameamini kuwa damu ya wagonjwa imegeuka kuwa na alkali nyingi kwa sababu isiyojulikana. Kuhusu jasho jingi, joto la ngozi na shinikizo la damu lililopanda kabla ya kifo, waliamini kuwa ni dalili za virusi kuushambulia ubongo.

Ibsen alizisoma dalili zilezile kwa macho ya mtu wa chumba cha upasuaji. Alikuwa ameziona mara nyingi kwa wagonjwa wa usingizi wasiopumuliwa vya kutosha. Mwili wa binadamu huvuta oksijeni na kutoa hewa ya ukaa, ambayo wanakemia huiita kabonidayoksaidi. Pumzi ikiwa dhaifu, hewa hiyo chafu hubaki mwilini, huifanya damu kuwa na asidi, humtia mgonjwa usingizi mzito na hatimaye humuua. Hilo linaweza kutokea hata ngozi ikiwa bado na rangi nzuri, kwa sababu mgonjwa amepewa oksijeni. Kwa maoni ya Ibsen, wagonjwa wa Blegdam hawakuwa wakifa kwa sababu ubongo umeharibika. Walikuwa wakifa kwa kukosa pumzi, na pumzi ni kitu ambacho mtu mwingine anaweza kuwapa.

Alikuwa pia amesoma taarifa za madaktari wa Los Angeles, Marekani, waliopunguza vifo vya polio kwa kusukuma hewa mapafuni sambamba na kutumia pafu la chuma. Pendekezo lake lilikwenda mbele zaidi: kuliacha kabisa pipa, kutoboa tundu kwenye koo la hewa chini kidogo ya zoloto, kuingiza mpira wenye kifuko kinachojazwa upepo ili mate yasipenye, kisha kusukuma hewa moja kwa moja hadi mapafuni.

Msichana wa miaka 12

Lassen alikubali jaribio lifanyike kwa mgonjwa mmoja. Tarehe 27 Agosti aliletwa msichana wa miaka 12 aliyepooza mikono na miguu yote minne, mwenye homa, anayezama katika mate yake mwenyewe. Tundu lilitobolewa kooni kwa ganzi ya mahali pamoja. Mambo hayakwenda vizuri. Njia zake za hewa zilibana, msichana akawa anahangaika na kupigana na mfuko wa hewa, na Ibsen hakuweza kuyajaza mapafu yake. Baadhi ya madaktari waliokuja kushuhudia walikwishakata tamaa na kutoka chumbani.

Hapo Ibsen alifanya jambo ambalo kwa mtu asiye wa fani yake lingeonekana kama kumaliza uhai wa mtoto. Alimchoma dawa ya usingizi. Msichana alilegea na kuacha kabisa juhudi zake dhaifu za kupumua. Kwa kuwa hakupigana tena, mfuko ulipominywa hewa iliingia. Ibsen alinyonya makohozi, akaendelea kuminya, na baada ya muda ngozi ya msichana ikakauka jasho na shinikizo la damu likashuka. Mbele ya wenzake alionyesha pia upande wa pili: pumzi ilipopunguzwa, jasho na shinikizo vilirudi, ilipotolewa ya kutosha, viliondoka. Hakukuwa na hoja tena kuhusu nini kilichokuwa kikiwaua wagonjwa.

Msichana huyo alipona homa ile. Alibaki na ulemavu mkubwa na aliendelea kuhitaji msaada wa kupumua, lakini aliishi hadi mwaka 1971.

Mikono ya wanafunzi

Ugunduzi huo ulizaa tatizo jingine. Mgonjwa mmoja anaweza kupumuliwa na daktari mmoja kwa saa kadhaa. Hospitali ilikuwa na makumi ya wagonjwa ambao wangehitaji kupumuliwa usiku na mchana kwa wiki, na wengine kwa miezi. Hapakuwa na mashine za kufanya kazi hiyo.

Jibu lilikuwa watu. Hospitali iliwaita wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, kisha wa udaktari wa meno. Walipewa mafunzo mafupi, wakapangwa kwa zamu na kulipwa ujira, kila mmoja akiketi kando ya kitanda na mfuko wa mpira mkononi. Wakati wa kilele, wagonjwa hadi 70 walikuwa wakipumuliwa kwa mkono kwa wakati mmoja. Kwa jumla wanafunzi wapatao 1,500 walishiriki, na saa walizotumia zilikadiriwa kuwa 165,000.

Kazi hiyo ilikuwa na uzito wake. Mgonjwa mwenye mpira kooni hawezi kusema, hivyo mwanafunzi alijifunza kusoma macho: jicho hili linaomba pumzi zaidi, hili linaomba kufutwa jasho. Mchana waliwasomea watoto vitabu. Wapo waliokuwa wakiendelea kuminya mfuko mgonjwa akafia mikononi mwao, na wengi wao hawakuwa wamemzidi umri mgonjwa kwa miaka mingi.

Pembeni yao ilikuwapo maabara ya Poul Astrup, mwanakemia wa tiba katika hospitali hiyo. Astrup alibuni njia ya kupima haraka asidi na hewa ya ukaa katika damu, ili mwanafunzi ajulishwe kama anaminya kidogo mno au kupita kiasi. Kipimo cha gesi za damu kinachotumika leo katika kila chumba cha wagonjwa mahututi kina asili yake katika kazi hiyo.

Kati ya Julai na Desemba, Blegdam ilipokea wagonjwa 2,722 wa polio, na 316 miongoni mwao walihitaji msaada wa kupumua. Vifo vya wagonjwa wa aina hiyo vilishuka kutoka karibu asilimia 87 hadi takriban asilimia 25 janga lilipokaribia kwisha. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa katika miezi hiyo. Virusi vilibaki vilevile, na hadi leo hakuna dawa ya kuviua vikishaingia mwilini. Kilichobadilika ni kwamba wagonjwa walipewa muda wa kupumua hadi miili yao ilipojimudu.

Kutoka mfuko hadi mashine

Habari za Copenhagen zilisambaa haraka. Nchini Sweden, daktari Carl-Gunnar Engström alikuwa ametengeneza mashine inayosukuma kiasi maalumu cha hewa kwa kila pumzi, na baada ya yaliyotokea Denmark mashine za namna hiyo zilitafutwa kila mahali. Miaka michache baadaye, mwaka 1956, raia wa Denmark Henning Ruben alitoa mfuko wa kupumulia unaojijaza hewa wenyewe bila kuhitaji mtungi wa oksijeni. Mfuko huo, maarufu kwa jina la Ambu, ndio unaoonekana leo katika magari ya wagonjwa na vyumba vya kujifungulia, pamoja na vile vya Afrika Mashariki, ambako wakunga huutumia kumpa pumzi za kwanza mtoto aliyezaliwa bila kulia.

Ibsen mwenyewe aligeukia swali la wapi wagonjwa wa aina hiyo walazwe. Katika hospitali za wakati ule, mgonjwa aliwekwa kwa jina la ugonjwa wake: mwenye moyo huku, mwenye figo kule, aliyepasuliwa kwingine. Ibsen aliona kuwa mtu anayeshindwa kupumua, anayepoteza damu au aliyekunywa sumu anahitaji jambo moja kwanza, nalo ni kuangaliwa dakika kwa dakika na wahudumu wanaojua kuushikilia uhai. Mwishoni mwa mwaka 1953, katika hospitali ya manispaa ya Copenhagen iitwayo Kommunehospitalet, alianzisha chumba maalumu kwa ajili hiyo, chenye wauguzi na madaktari usiku na mchana. Wanahistoria wa tiba wengi wanakihesabu kuwa chumba cha kwanza cha wagonjwa mahututi duniani kwa maana ya sasa.

Mafanikio hayo yalileta pia swali ambalo zama za kabla hazikulijua. Ikiwa pumzi inaweza kuendeshwa na mashine, ni wakati gani inapasa kusitishwa? Mwaka 1957 madaktari wa usingizi walimpelekea swali hilo Papa Pius XII, naye akaeleza kuwa si wajibu kuendelea na njia za tiba zisizo za kawaida pale matumaini yanapokuwa hayapo. Mwaka 1968 jopo la Chuo Kikuu cha Harvard lilitoa vigezo vya kutambua kwamba ubongo umekufa hata kama moyo bado unadunda. Mwenyekiti wake alikuwa Henry Beecher, mwalimu wa Ibsen kule Boston.

Mashine inafanya nini

Mashine ya kupumulia ya leo ni kompyuta, pampu na mirija, lakini kazi yake ni ileile ya mkono wa mwanafunzi wa Copenhagen. Husukuma mchanganyiko wa hewa na oksijeni kuingia mapafuni, kisha huacha pumzi itoke. Daktari hupanga idadi ya pumzi kwa dakika, ukubwa wa kila pumzi, kiwango cha oksijeni, na shinikizo dogo linalobaki ndani ili vifuko vya mapafu visijifunge. Kwa kawaida mpira hupitishwa mdomoni hadi kwenye koo la hewa, na mgonjwa hupewa dawa za kumtuliza. Ndiyo maana hawezi kuzungumza, na mara nyingi huonekana amelala. Wapo wanaosaidiwa kwa barakoa iliyobana usoni bila mpira kooni.

Mashine hiyo ni tofauti na mtungi wa oksijeni. Mgonjwa mwenye homa ya mapafu ambaye bado ana nguvu za kuvuta pumzi huhitaji oksijeni ya ziada tu, na walio wengi hupona kwa msaada huo. Mashine huja pale misuli inapochoka, mapafu yanapojaa majimaji, au mgonjwa anapopoteza fahamu na kushindwa kulinda koo lake.

Mashine haitibu ugonjwa wenyewe. Haiui bakteria, haiondoi virusi, haiponyi jeraha. Inanunua muda ili dawa na mwili vifanye kazi. Kwa sababu hiyo, anayefia kwenye mashine mara nyingi ameuawa na ugonjwa uliomfikisha hapo, kwani wanaounganishwa ni wale ambao hali zao zimekuwa mbaya kupita wote. Kumchelewesha mgonjwa nyumbani hadi achoke kabisa humpunguzia nafasi ambayo mashine ingempa.

Wakati huohuo si sahihi kudai kuwa haina madhara. Mpira kooni unaweza kuleta maambukizi ya mapafu, na misuli isiyotumika hudhoofika. Pumzi kubwa kupita kiasi hujeruhi mapafu yaliyokwisha kuugua. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2000 ulithibitisha kuwa wagonjwa wenye mapafu yaliyovimba vikali hupona zaidi wakipewa pumzi ndogondogo. Baadaye ilithibitika pia kuwa kuwalaza kifudifudi kwa saa nyingi huwasaidia wale walio na hali mbaya zaidi. Lengo la kila siku ni kumwachisha mgonjwa mashine mapema iwezekanavyo, hatua kwa hatua, akijaribiwa kupumua mwenyewe.

Familia ina haki ya kuuliza maswali matatu: ni ugonjwa gani unaosubiriwa upone wakati mashine inafanya kazi, dalili gani zitaonyesha kuwa anapata nafuu, na lini atajaribiwa kupumua bila msaada. Majibu ya maswali hayo husaidia zaidi kuliko uvumi wa mtaani.

Pengo lililobaki

Mwezi Aprili 2020, UVIKO-19 ilipoanza kuenea barani Afrika, Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa hospitali za umma katika nchi 41 za bara hilo zilikuwa kwa jumla na mashine za kupumulia zinazofanya kazi zisizofika 2,000. Mashine zaidi ziliagizwa na kutolewa kama misaada. Lakini mashine inahitaji umeme usiokatika, oksijeni ya kutosha, fundi wa kuitengeneza, kipimo cha gesi za damu na muuguzi asiyeondoka kitandani. Bila hivyo hubaki kuwa sanduku kwenye kona ya wodi.

Copenhagen ya mwaka 1952 ilikuwa na upungufu wa kinyume chake. Mashine hazikuwapo, lakini watu waliofundishwa, maabara iliyotoa majibu kwa haraka na daktari aliyeelewa sababu ya kifo vilikuwapo, na wagonjwa wengi wakaishi. Ndiyo sababu wataalamu wa afya wa Afrika Mashariki wanaodai vyumba zaidi vya wagonjwa mahututi huweka mafunzo ya wauguzi na mitambo ya oksijeni sambamba na ununuzi wa mashine.

Kuhusu polio yenyewe, chanjo ya Jonas Salk iliidhinishwa Marekani mwaka 1955, na ile ya matone ya Albert Sabin ikafuata. Tarehe 25 Agosti 2020, miaka 68 kamili tangu Ibsen akae meza moja na mabingwa wa Blegdam, Afrika ilitangazwa kuwa imekomesha virusi vya polio vya asili. Mwaka 2022 virusi hivyo vilionekana tena nchini Malawi na Msumbiji, vikiwa vimetoka nje ya bara. Kampeni za chanjo kwa watoto zilifanyika katika nchi hizo na za jirani, ikiwemo Tanzania.